Kitabu cha nyimbo, skrini au simu: kipi kinamsaidia mtu kumwimbia Mungu kwa moyo wote?

Hukumu itangulie, sababu zifuate. Kwa kusanyiko linalotaka watu wake waimbe kwa moyo na kwa akili, kitabu cha nyimbo kilichochapwa vizuri bado ndicho chombo bora. Skrini ni ya pili, na inaweza kukikaribia sana kitabu ikiwa anayeiendesha ni mtu makini. Simu ni ya tatu, tena kwa mbali, ingawa zipo kazi mbili ambazo inavishinda vyote viwili.

Kipimo ni kimoja. Katika 1 Wakorintho 14:15 Paulo anasema ataimba kwa roho, tena ataimba kwa akili pia. Basi chombo kinachowekwa mbele ya mwenye kuabudu kiulizwe hivi: je, anaelewa anachokiimba wakati anakiimba? Na je, anabaki na nafasi ya kumwelekea Mungu, au anashughulika na chombo chenyewe? Mtahini ni yule wa safu ya nyuma, asiyeujua wimbo, macho yamechoka. Kiongozi wa sifa ameshaukariri wimbo, kwa hiyo akisema skrini inasomeka vizuri, asikilizwe kwa adabu kisha aulizwe mwingine.

Isaya 29:13 inawakemea watu wanaomkaribia Mungu kwa vinywa huku mioyo yao iko mbali, nao hawakuwa na projekta. Hakuna kitabu wala mtambo unaompa mtu moyo mnyofu. Chombo kinaweza kuondoa vikwazo au kuviongeza, na hilo ndilo linalokaguliwa hapa.

Kitabu cha nyimbo

Nguvu yake kubwa ni kwamba kinauonyesha wimbo mzima. Ubeti wa kwanza ukiimbwa, jicho limeshaona wa nne unaelekea wapi. Nyimbo nyingi za kale zimejengwa kwa mpango: hali ya mwanadamu, kazi ya Kristo, itikio la anayeamini, kisha tumaini la mwisho. Nyingine zinampa Baba ubeti wake, Mwana wake, Roho Mtakatifu wake, na kufunga kwa Utatu. Sasa kiongozi anaposema "tuimbe ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho", mwenye kitabu anaona wazi kwamba aliyerukwa ni Roho Mtakatifu. Kwenye skrini hakuna anayejua kilichokatwa. Muda ukibana, ni heri kuacha wimbo mmoja mzima kuliko kuzikata beti za nyimbo tatu.

Nguvu ya pili ni kwamba kinakwenda nyumbani, na hapa ndipo wengi wanapokipoteza kwa kukifungia kabatini mpaka Jumapili. Kitumike hivi. Kiongozi atangaze wimbo mmoja wa Jumapili ijayo. Jumatatu na Jumanne mtu asome maneno kwa sauti bila tuni, akituama kwenye nukta wala si mwisho wa mshororo, kwa sababu sentensi mara nyingi huvuka mshororo na maana hupotea ikikatwa hapo. Jumatano atafute aya za Biblia zilizo nyuma ya wimbo. Vitabu vyema huziandika chini ya kichwa au kwenye faharasa. Alhamisi achukue ubeti mmoja augeuze sala yake, akitaja kwa jina jambo halisi: deni, ugonjwa, chuki fulani, shukrani fulani. Ijumaa na Jumamosi aimbe. Dakika tano hadi saba kwa siku zinatosha. Ikifika Jumapili mdomo hauhitaji tena kubembelezwa na herufi. Zoezi hili huharibika pale watu wanapojitwisha nyimbo tano za wiki badala ya mmoja. Siku ya tatu wameshaacha.

Ununuzi sasa. Kuna aina tatu: chenye maneno matupu, chenye solfa, na chenye noti za mistari mitano. Solfa, yaani do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi, ilianzishwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich na kusambazwa na mchungaji John Curwen katika Uingereza ya karne ya 19, kwa lengo hasa la kuwawezesha watu wa kawaida kusoma muziki bila kinanda. Mahali ambapo watu wameizoea, kitabu cha solfa kinaongeza washiriki: mwanaume asiyefikia sauti ya kwanza ana besi yake, wala hana haja ya kunyamaza. Kitabu cha noti za mistari mitano kiwe cha kwaya na mpiga kinanda. Beti zake hupachikwa katikati ya mistari ya noti zikiwa zimekatwa silabi kwa silabi, na kuzisoma kama shairi ni taabu.

Kabla ya kulipia oda, kagua nakala moja. Tazama juu ya mgongo wa kitabu: kilichoshonwa kwa uzi kinaonyesha vifungu vya karatasi zilizokunjwa, cha gundi kinaonyesha karatasi zilizokatwa sawasawa. Kifungue katikati ukiweke mezani. Kilichoshonwa hutulia, cha gundi hujifunga chenyewe, na ukikilazimisha mgongo hupasuka, kurasa zikaanza kutoka, nazo huwa ni zile za nyimbo zinazopendwa zaidi. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga. Maandishi ya upande wa pili yakionekana kwa nguvu, jicho litachoka katika ibada ya jioni. Chapa ndogo kuliko pointi 8 inawafungia nje wengi waliovuka miaka arobaini, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya oda iwe ya maandishi makubwa, pointi 14 au zaidi.

Faharasa ya mishororo ya kwanza ni lazima. Ya mada na ya aya za Biblia zina faida kubwa kwa anayepanga ibada. Ya mizani hupuuzwa, nayo ni hazina: wimbo wenye mishororo minne ya mizani 8, 6, 8, 6 unaweza kuimbwa kwa tuni yoyote ya mizani hiyo. Maneno mazuri yenye tuni isiyojulikana yanapata tuni inayojulikana, na kusanyiko linaimba siku hiyo hiyo. Ila hesabu ya mizani peke yake haitoshi. Imba beti mbili kabla ya ibada usikilize kama mkazo wa maneno unaangukia mapigo mazito, na kama hisia zinalingana, maana si vizuri maneno ya toba yabebwe na tuni ya shangwe za Pasaka.

Kuhusu idadi, kitabu kimoja kwa watu wawili ni hesabu ya mhasibu. Wawili wakigawana, mmoja anashika na mwingine anachungulia, na mrefu anamwinamia mfupi. Nunua kimoja kwa kila mtu, au kwa uchache viwili kwa watu watatu, na asilimia 10 juu yake kwa wageni na uchakavu. Usichanganye matoleo. Namba 120 ya toleo la zamani si lazima iwe 120 ya jipya, na maneno yaliyorekebishwa yanawagawa watu katikati ya ubeti. Ikibidi kuchanganya, wimbo utangazwe kwa mshororo wa kwanza, si kwa namba.

Udhaifu wake upo. Kichwa kinainama, koo linajikunja, sauti inaishia sakafuni. Dawa ni kukishika usawa wa kifua, viwiko mbali kidogo na mbavu, macho yashuke kichwa kibaki juu. Mikono haiko huru, na Zaburi 134 inataka iinuliwe. Watoto wadogo na wasiosoma hawapati kitu, mgeni anahangaika kutafuta ukurasa ubeti wa kwanza ukipita, na wimbo uliotungwa mwaka jana haumo. Alama: 8 kati ya 10.

Skrini

Faida yake huonekana dakika ya kwanza. Vichwa viko juu, mikono huru, sauti inatoka, na mgeni hana la kutafuta. Wimbo mpya unafundishwa leo leo. Kwa mtu aliyeingia kanisani mara ya kwanza, asiyejua lini kusimama wala lini kufungua nini, hiyo ni rehema kubwa.

Hasara yake ni kwamba inatoa mishororo minne kisha inaipokonya. Akili inaishi ndani ya sekunde chache, haiwezi kurudi nyuma wala kutazama mbele. Sentensi ndefu ikigawanywa kwenye slaidi tatu, kiima kiko ya kwanza na kitenzi ya tatu, na watu wanaimba vipande. Tiba ni mbili, zitumike zote. Kila slaidi ibebe wazo moja kamili, mishororo miwili hadi minne, ikatwe pale maana inapopumua. Tena wimbo mpya au mzito usomwe wote kwa sauti kabla ya kuimbwa, au uchapwe kwenye karatasi ya A4 iliyokunjwa, watu waushike na kuondoka nao.

Vipimo. Urefu wa picha kutoka chini kwenda juu uwe moja ya sita ya umbali wa mtu wa mwisho: ukumbi wa mita 12 unataka picha ya mita 2, wa mita 18 unataka mita 3. Herufi ziwe na urefu wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, yaani sentimita 15 kwa aliye mita 18. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya vichwa vya watu waliosimama. Mafundi wengi hujaribu skrini watu wakiwa wameketi, au ukumbi ukiwa mtupu, na Jumapili safu nne za nyuma husoma nusu ya juu tu ya kila slaidi.

Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wake ni rangi ya ukuta chini ya mwanga uliopo, kwa hiyo mapazia ya madirishani mara nyingi yanasaidia kuliko kununua mashine kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo picha za mandhari nyuma ya maneno ni hasara: zinakula tofauti kidogo ya mwanga iliyobaki. Zinazotembea ni mbaya zaidi. Jicho la binadamu hufuata kinachosogea kabla ya kusoma, halina hiari, na maporomoko ya maji nyuma ya wimbo wa msalaba yanashindana na msalaba. Tumia rangi moja tulivu nyuma ya maneno, herufi za rangi nyepesi zisizo na vikia, bila vivuli, bila kuandika yote kwa herufi kubwa. Acha alama za uandishi mahali pake. Wanaozifuta ili slaidi ipendeze wanafuta maana.

Jambo linaloharibu ibada nyingi zaidi kuliko yote haya ni kuchelewa kubadilisha slaidi. Mwendeshaji abonyeze kitufe watu wakiwa kwenye maneno mawili au matatu ya mwisho, si baada ya kuyamaliza, kwa sababu kusoma hutangulia kinywa. Akichelewa sekunde moja, kusanyiko zima linavuta pumzi na kunyamaza, na vipaza sauti peke yake vinaendelea. Mara tatu hivyo na watu wamejifunza kusubiri, yaani kusikiliza. Mwendeshaji aimbe pia. Anayeimba, kidole chake kinajua wakati. Anayejibu ujumbe wa simu hajui. Ahudhurie mazoezi ya timu ya sifa, apewe mpangilio wa beti na viitikio, na wakubaliane na kiongozi ishara mbili za mkono: moja ya kurudia kiitikio, moja ya kumaliza. Kuokota kijana mlangoni dakika tano kabla ya ibada hakujawahi kuzaa matunda.

Watu wawili wahakiki maandishi, mmoja asome kwa sauti, mwingine afuatilie kwenye chanzo. Herufi moja ikiteleza, "Bwana" anakuwa "bwawa", na safu ya vijana inacheka mpaka kiitikio cha tatu. Hakimiliki nayo ni sehemu ya unyofu: kumsifu Mungu kwa maneno yaliyochukuliwa bila ruhusa kuna kasoro yake. Katika nchi nyingi ulinzi hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo cha mtunzi, na tafsiri ina haki yake peke yake hata kama wimbo wa asili umeshakuwa huru.

Skrini mara nyingi huja na spika kubwa, kwa hiyo zihukumiwe pamoja. Mtu asiyejisikia, wala kumsikia jirani yake, huacha kuimba bila kujua ameacha. Viwango vya usalama wa masikio vinavyotumiwa na wengi vinaruhusu desibeli 85 kwa saa nane, na muda hupungua nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Kwa uimbaji wa kusanyiko, desibeli 85 kwenye viti vya kati zinatosha kabisa. Jaribio rahisi: vyombo vyote vinyamaze kwa ubeti mmoja wa wimbo unaojulikana. Sauti ya watu ikizimika pamoja na vyombo, mlikuwa na hadhira.

Angalieni na ufunguo wa wimbo, yaani jinsi sauti zake zilivyo juu au chini. Nyimbo za rekodi nyingi ziko juu kwa sababu mwimbaji wake ana sauti ya kipekee. Tuni ya watu wote ikae kati ya noti A iliyo chini ya C ya kati ya kinanda na noti D ya oktava inayofuata, iguse E kwa nadra. Kushusha nusu toni mbili au tatu kunarudisha wanaume na akina mama watu wazima waliokuwa wamenyamaza. Mpiga kinanda aanze kwa mshororo wa mwisho wa tuni, kwa mwendo ule ule utakaoimbwa, na kati ya beti aache pumzi ya kutosha badala ya kuwakimbiza.

Mwaka 1761 John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, alitoa maelekezo saba ya kuimba, na yanaikagua skrini vizuri ingawa hakuiota. Jifunze tuni. Imbeni wote. Imba kwa nguvu, lakini usipaaze sauti mpaka ukaonekana peke yako. Shika mapigo. Juu ya yote, kila neno liimbwe jicho likiwa kwa Mungu. Taa za rangi, na kamera inayomvuta mwimbaji mmoja karibu ili watu waone uso wake, zinavunja hapo hapo agizo la kutojionyesha. Kama ukumbi una skrini ya pili, iwe ya maneno pia.

Alama: 7 ikiendeshwa vizuri. Ikiendeshwa ovyo ni 4, na si kosa la mashine.

Simu

Inashinda katika kutafuta wimbo uliosahaulika kwa neno moja tu, na katika kumkuzia maandishi mtu mwenye uoni hafifu, au kumsomea kwa sauti asiyeona. Nje ya hapo ni mzigo wakati wa ibada. Ujumbe unaingia katikati ya ubeti, skrini inazima yenyewe baada ya sekunde 30, na jirani hawezi kujua kama unaimba au unajibu watu. Mtoto anayekutazama naye hajui, ila anajifunza.

Anayelazimika kuitumia apakue nyimbo mapema, aweke hali ya ndegeni, aongeze muda wa skrini kuwaka na apunguze mwanga wake. Programu nyingi za nyimbo zimenakili kutoka kwa walionakili, na beti hupotea njiani. Kabla ya kuiamini programu, linganisha nyimbo tatu unazozijua kwa moyo, neno kwa neno. Alama: 4 kanisani, 7 nyumbani siku ya Jumanne.

Kipi kinunuliwe kwanza

Kusanyiko changa lisilo na fedha lianze bila kununua kitu. Pambio fupi, na nyimbo ambazo kiongozi anatamka mshororo mmoja na watu wanauimba papo hapo, zinamfikia hata asiyesoma, na zinaingia kichwani haraka kuliko maandishi yoyote. Mpaka wake ni urefu: wimbo wa beti sita kwa njia hii unachosha. Fedha zikipatikana, vitabu. Zikibaki, projekta moja, mapazia, na saa mbili kila wiki za kumfundisha mwendeshaji. Skrini ya pili ingoje sana. Mathayo 5:23-24 inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, na hakuna mtambo unaosaidia kwaya ambayo sauti ya kwanza na sauti ya pili hazisalimiani.

Mkiwa na vyote viwili, nyimbo ndefu za beti ziwe kitabuni, pambio na nyimbo mpya ziwe kwenye skrini. Msionyeshe wimbo ule ule pote, kwa sababu nusu watainama na nusu watainua vichwa, na mwendo utagawanyika. Wimbo mpya usizidi mmoja kwa wiki, na urudiwe Jumapili tatu kati ya nne zinazofuata. Ukiimbwa mara moja na kupotea, umewapotezea watu dakika sita.

Baada ya miezi mitatu pimeni. Zimeni skrini, wekeni vitabu chini, anzeni wimbo ambao umeimbwa angalau mara nne katika miezi hiyo. Watu wakifika ubeti wa tatu wenyewe, mpango unafanya kazi. Wakikwama ubeti wa kwanza, orodha yenu ya nyimbo ni pana mno: ipunguzeni ifike 40 kwa mwaka mzima, kisha mpime tena.